Mashua Iliyonyimwa Maji

Sogeeni karibu. Hadithi hii haina mwisho wake yenyewe. Mimi nitaibeba mpaka mlangoni, kisha nitawatwika ninyi. Atakayesinzia asiamshwe. Hata Bibi Nyangeta, ambaye ndiye tutakayemfuata, alisinzia katikati ya safari, na mtaona alichokikuta huko usingizini.

Palikuwa na mto ulioingia Ziwa Viktoria upande wa kusini, na haukuwa na haraka ya kufika. Ulipolikaribia ziwa ulijigawa vijito, ukapita katikati ya mafunjo marefu kuliko mtu, ukafanya njia za maji zinazofunguka leo na kufungika kesho. Kwenye mdomo wa mto huo kilikuwapo Chama cha Tanga Kuukuu. Wanachama wake walipenda mashua za zamani, zile za mbao zilizoundwa kabla injini hazijaenea ziwani, na majirani waliwaona ni watu waliokosa kazi. Mashua zilizowabakia zilikuwa tatu: Tutafika, Usinipite na Sina Haraka.

Kila mwaka, masika yakishapita, chama kilifanya safari ya siku moja. Walipanda kwa njia za mafunjo mpaka kwenye bwawa lililojificha huko ndani, wakala, wakajinyoosha kidogo, wakarudi mapema. Siku hiyo injini ilikuwa haramu. Tena lilikuwapo sharti jingine, ambalo mgeni akiambiwa hucheka na mwanachama hacheki: mashua itakayorudi nyumbani ikivutwa kwa kamba haiendi tena majini. Hupandishwa nchi kavu, ikajazwa udongo, ikapandwa mchicha. Kando ya uzio wa chama zilikuwapo mbili za namna hiyo, na mchicha wake ulistawi kwelikweli. Bibi Nyangeta aliwahi kuupika mara moja. Alikula tonge la kwanza, akala la pili, akaisukuma sahani.

Sina Haraka iliundwa na mumewe, marehemu Kalemera. Watoto wote wa Bibi Nyangeta walizaliwa baada ya mashua ile, kwa hiyo yeye aliihesabu kuwa ndiyo kifungua mimba wake, na mumewe hakumbishia. Sasa Kalemera hayupo, na binti yao wa Dodoma amesema mama hawezi kukaa peke yake. Basi lingeondoka asubuhi, kesho yake baada ya safari ya mashua. Ndiyo maana bibi alisimama mbele ya wanachama akasema neno ambalo baadaye lilimnyima raha.

"Hii ni mara yangu ya mwisho kuipanda. Atakayeirudisha nyumbani kwa tanga lake yenyewe, bila kamba, nitamwekea kana mkononi."

Kana ndio ule mti wa kugeuzia usukani, na katika chama kile mwenye kana ndiye mwenye mashua.

"Na wakiwa watu zaidi ya mmoja, bibi?" aliuliza Mwenyekiti Mabula, ambaye hakupenda jambo lisilo na kifungu.

"Mmoja tu. Nahodha wengi, chombo huenda mrama."

Haya, sasa wajueni hao waliokuwa wakiitunza Sina Haraka tangu Kalemera afariki, na ambao ndio wangeipeleka safarini.

Wa kwanza ni Limi, fundi wa matanga. Kipaji chake kilikuwa vidoleni. Alifumba macho, akapitisha kidole juu ya kitambaa, akakuonyesha uzi utakaokatika mwakani. Watu walisema usimpe Limi mkono siku uliyokula kwa siri, atajua mboga ilikuwa nini.

Wa pili ni Bugingo, mkulima wa mpunga. Kipaji chake kilikuwa mikononi. Alianza kazi polepole, akaimaliza polepole, na katikati hapo hakupumzika. Alikuwa na wimbo mmoja tu, hauna maneno mengi, na mradi auimbe, mkono wake haukujua kuchoka.

Wa tatu ni Majura, fundi wa redio. Kipaji chake kilikuwa masikioni. Aliusikia upepo kabla haujafika, akasikia samaki akigeuka chini ya maji. Mkewe tu ndiye alisema hamsikii, lakini hayo ni ya nyumbani kwao na sisi hayatuhusu.

Wote watatu waliipenda Sina Haraka, tena kupita kiasi. Mzee alipozikwa, Bugingo aliijengea mashua paa la bati ili mvua isiinyeshee. Limi aliipaka mafuta na rangi, tabaka juu ya tabaka, mpaka ikang'aa kama sahani ya arusi. Majura kila alipopita alitega sikio, na akisikia tone limeanguka ndani aliingia na kitambaa kulifuta. Basi mashua ile ilikaa mwaka mzima pasipo kuonja maji. Bibi Nyangeta alikuwa akija jioni kuitazama, akashukuru moyoni kwamba mumewe ameacha watu.

Siku ya safari ilipambazuka na ukungu mwembamba. Tutafika ilitangulia, Usinipite ikafuata, na Sina Haraka ikawa nyuma kama ilivyo desturi yake. Bibi alikaa mbele, juu ya mto wa pamba alioushona na kuujaza mwenyewe alipokuwa mwali. Hakuna aliyesema kwa sauti. Mafunjo yaliinama, yakanong'ona, yakainuka. Ndege mweupe alisimama kwenye jani la yungiyungi akawatazama wakipita, wala hakuona sababu ya kuruka. Maji yalikuwa meusi na mapole, na mbingu yote ilikuwa imelala ndani yake, hata bibi alipochungulia aliona wingu likipita chini ya mashua. Mambo kama hayo yakikutokea ukiwa mzee, huwezi kujua kama unayatazama au unayakumbuka.

Walifika bwawani, wakala samaki na viazi, wakapumzika. Jua lilipopinduka walianza safari ya kurudi. Mkondo uliwachukua wenyewe, tanga likining'inia tu, na bibi akasinzia.

Akamwona Kalemera. Alikuwa amesimama majini mpaka magotini, suruali ameikunja, anachota maji ya ziwa kwa ndoo na kuyamimina ndani ya Sina Haraka. Hilo halikuwa geni. Enzi za uhai wake, kila ilipokaribia siku ya safari, alifanya hivyohivyo, akaijaza mashua maji mpaka ikazama nusu, akaiacha ilale humo.

"Unafanya nini wewe?" bibi alimuuliza, kama alivyomuuliza zamani.

"Nainywesha," alijibu, kama alivyojibu zamani.

Hapo siku zote bibi alicheka, akaenda zake jikoni. Lakini ndotoni hakwenda. Kalemera aliweka ndoo chini, akamgeukia na uso wa mtu mwenye huzuni kidogo, akasema, "Mwaka huu hamkuinywesha."

Bibi Nyangeta akaamka. Miguu yake ilikuwa imelowa.

"Jamani," alisema polepole, kwa kuwa nusu yake ilikuwa bado ndotoni, "inavuja."

Mbao za mashua, ndugu zangu, ni kama koo. Zikinywa huvimba, zikakumbatiana, maji hayapati pa kupita. Zikikaushwa husinyaa na kuachana. Rangi ya Limi ilikuwa imezificha nyufa kwa juu, na asubuhi nzima ilidanganya vizuri. Sasa ilikuwa imepasuka, na maji yalikuwa yakiingia chini kutoka mbele hadi nyuma, bila kelele.

Mwenyekiti Mabula aliona kutoka kwenye Tutafika kwamba wenzake wamezama kuliko kawaida. Alisimama, kamba mkononi. Alikuwa mtu mwema, jamani, msimchukie.

"Bibi! Niwafunge?"

Watatu wale walimtazama bibi. Bibi aliutazama mlingoti, akaona shina la mchicha limesimama badala yake.

"Bado," alisema.

"Bibi, mtazama!"

"Nimesema bado, baba."

Wakiwa katika kubishana, upepo mdogo ulipita juu ya mafunjo, na kipande kizima cha mafunjo, chenye mizizi yake na ndege wake, kikajing'oa ukingoni kikaelea taratibu mpaka katikati ya njia. Kikakaa hapo. Tutafika na Usinipite zikabaki upande wa ziwa, Sina Haraka upande wa mto, na katikati ukuta wa kijani.

"Kaeni hapohapo!" sauti ya mwenyekiti ilisikika ng'ambo. "Nakwenda kuchukua injini, nije niwavute kwa njia nyingine!"

Bibi Nyangeta hakuogopa kufa; maji yale hayakuwa na kina cha kumtisha. Aliogopa kamba. Aliona aibu ya kupanda basi kesho huku nyuma yake watu wakibeba udongo kwa ndoo kuutia ndani ya kazi ya mumewe.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye fundo.

Bugingo alikamata sufuria la viazi akaanza kufua maji, kuyachota na kuyamwaga nje. Alichota, akamwaga, akaimba. Maji yalipanda, naye akachota. Yalimfika kwenye kifundo cha mguu, akayashusha. Yakarudi, akayashusha tena. Viganja vilichubuka kwa masikio ya sufuria, na hakusimama. Kama angesimama kwa muda wa mtu kujifuta jasho, Sina Haraka ingekaa chini kwenye tope, na hadithi yetu ingeishia kwenye mchicha.

Limi alipiga magoti katika maji yaliyobaki, akafumba macho, akapitisha vidole kati ya mbao.

"Bibi," alisema bila kufumbua macho, "nipe mto wako."

"Mto wangu huu?"

"Nisamehe, bibi yangu. Huo huo."

Bibi aliinuka akampa. Limi aliupasua kwa meno, akatoa pamba ya miaka yote ile, akaisokota, akaishindilia katika kila ufa kwa ncha ya sindano yake ya matanga. Penye ufa asiouona mtu, kidole chake kiliuona. Sindano iliteleza ikamchoma, damu ikaingia kwenye pamba, akashindilia vilevile. Kama si yeye, Bugingo angefua maji mpaka ziwa lote lipite katika lile sufuria, na bado lingebaki.

Majura alikaa nyuma penye usukani, kichwa ameinamisha. Njia waliyoijia ilikuwa imekufa. Nyingine zilikuwapo nyingi, na karibu zote ziliishia kwenye matope.

"Bugingo, kaka, nyamaza kidogo."

"Nikinyamaza nitachoka."

"Usiponyamaza sisikii."

Bugingo aliutia wimbo ndani, akaendelea kuuimba moyoni, midomo ikicheza tu. Bibi alisikia moyo wake mwenyewe, na pamba ikiingia mbaoni. Majura alisikia kitu kingine: mbali sana, kushoto, nyuma ya mafunjo mazito ambayo hakuna mtu angeyapa njia, ziwa lilikuwa likipumua juu ya mchanga. Aligeuza kana. Mafunjo yaliwafunika, yakawapapasa usoni, yakawa giza la kijani lenye harufu ya mvua ya zamani.

"Majura, unatupeleka wapi, mwanangu?" bibi aliuliza.

"Kwenye upepo, bibi. Haujafika, lakini unakuja. Vuteni tanga."

Walilivuta, tanga likaning'inia kama nguo ya mtu aliyekonda, na Limi akaanza kusema neno la kejeli. Kabla hajalimaliza tanga likajaa. Mafunjo yakafunguka, na mbele yao palikuwa na ziwa lote, linameta. Kama si masikio yale, wangeelea katika mafunjo, wakiwa wakavu au wamelowa, mpaka injini iwakute.

Sina Haraka ilikimbia siku hiyo, kinyume cha jina lake. Kadiri ilivyokimbia ndivyo maji yalivyopungua ndani, mpaka Bugingo alipoweka sufuria chini akashangaa mikono yake haina kazi. Pamba ilikuwa imekaza. Au mbao zilikuwa zimeanza kunywa na kuvimba. Hilo nani atalijua. Bibi Nyangeta aliweka kiganja kwenye ubavu wa mashua, na aliapa baadaye kwamba aliisikia ikimeza.

Gatini, Mwenyekiti Mabula alikuwa ndiyo kwanza anawasha injini, kamba begani. Aliwaona wakiingia kwa tanga, akaizima. Ile kamba aliishusha, akaificha nyuma yake kama mtu aliyekutwa na kuku wa jirani.

Watu walipiga vigelegele. Bibi alishuka majini, maji yakamfika magotini, akaenda nyuma ya mashua akaichomoa kana. Ilikuwa nyepesi kuliko alivyoikumbuka, imelainishwa na kiganja cha mtu mmoja kwa miaka mingi. Akageuka. Watatu walikuwa wamesimama mbele yake.

"Bibi, mimi niliitoa tope mdomoni," alisema Bugingo. "Nikiipata haitaondoka hapa ambapo mzee aliiundia. Mimi nalima hapa, nitazikwa hapa, nayo itanitazama."

"Kuimwaga maji si kuiponya, Bugingo," alisema Limi. "Jeraha nililifunga mimi. Nikiipata nitawapandisha wasichana ninaowafundisha kushona matanga. Wanashona mabawa, hawajaruka hata siku moja."

"Na mgonjwa aliyepona ndani ya mafunjo angefika hapa kwa miguu ipi?" alisema Majura. "Mimi nikiipata nitakwenda nayo njia zote zilizofungika, nizifungue. Mwenzenu nimesikia leo kitu ambacho sijawahi kukisikia, na ninataka kukisikia tena kabla sijazeeka."

Kila mmoja alisema kweli, na kila kweli ilimchoma bibi mahali pake. Lakini binadamu hatujui kunyamaza penye heri.

"Wewe Limi si ndiye uliyeipaka rangi ikatudanganya?" alisema Bugingo.

"Na paa la bati lilijengwa na nani likaioka kama muhogo?" alijibu Limi.

"Afadhali sisi wawili," alisema Bugingo. "Huyu Majura hata tone moja la Mungu alilifuta!"

"Basi," alisema Bibi Nyangeta.

Akawaambia habari ya ndoo. Akawaambia jinsi Kalemera alivyoijaza maji kila mwaka, akiita kuinywesha. Watatu wale waliinamisha vichwa. Kisha Limi aliuliza, kwa upole kabisa, swali ambalo wote walikuwa nalo.

"Bibi yangu, miezi yote hii ulikuja jioni ukatuona tukiikausha. Kwa nini hukutuambia?"

Bibi Nyangeta alilia, hapo mbele za watu, maji magotini.

"Nilidhani ni mzaha wake," alisema. "Alikuwa mtu wa mizaha. Miaka yote ile nilimcheka nikaenda jikoni. Sikumuuliza mara ya pili."

Mikono mitatu ilikuwa mbele yake: mmoja umechubuka, mmoja una damu ya sindano, mmoja umekauka. Wote watatu waliiokoa mashua, na wote watatu waliiua kidogokidogo kwa mapenzi, naye aliyeshika kana alitazama tu.

Mimi nimefika mlangoni. Najua kuna mmoja wenu amekwisha kusema moyoni, wapewe wote. Huyo namjibu kwamba kana ni moja na bibi ametoa neno mbele ya watu. Mwingine anasema apewe atakayeinywesha. Hilo zuri, ila sasa wote watatu wanajua. Na wewe unayesema bibi aondoke nayo Dodoma, huko mashua huteremka mto gani?

Bado amesimama pale. Maji yanampiga magotini, kana iko mkononi, na basi la Dodoma halimngojei mtu. Nyuma yake Sina Haraka imelowa, imeshiba, inacheza kidogo kwenye mawimbi, haijui kama ina mwenyewe. Bugingo aliyeifua maji, Limi aliyeziba nyufa, Majura aliyesikia njia. Anyooshe mkono kwa nani?

Je, wewe ungeamua vipi?